Yule Mteja Mwingine

"Fundi, njoo uone!"

Pini alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini tano amezibana midomoni, anapandisha pindo la gauni la mteja aliyesimama juu ya kigoda. Hakuweza kujibu. Aliinua macho tu. Mlangoni mwa kibanda chake cha ushonaji alisimama dalali wa nyumba, anahema kama aliyekimbizwa. Mtaa mzima ulimwita dalali huyo Njoo-Uone, kwa sababu salamu nyingine hakuwa nayo. Na huyu fundi naye, jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Aliitwa Pini, na ukimwona kazini huna haja ya kuuliza kwa nini.

Alizitema pini kiganjani. "Nini tena?"

"Mwenye nyumba anakuita. Leo. Saa nne kamili."

"Nyumba ipi?"

"Kwani unazo ngapi? Ile! Vyumba viwili, bomba ndani, dirisha la jua la asubuhi!"

Pini alisimama. Moyo ulimruka mpaka akashika ukingo wa cherehani. "Na yule mteja mwingine?"

"Naye kaitwa. Saa nne hiyo hiyo."

"Ni nani huyo mtu? Niambie basi leo."

"Fundi, dalali akitaja mteja wa mwenzake, kesho hana kazi. Mimi najua ni mwanamume tu. Haya, twende, saa tatu na nusu hii!"

"Jamani, na gauni langu?" akalalamika yule mteja juu ya kigoda. "Upande mmoja uko magotini, mwingine unafagia sakafu!"

"Shuka, dada yangu, kaa hapo unywe chai iliyo kwenye chupa. Nikipata nyumba hii, pindo lako nalishona bure."

"Na usipoipata?"

 Asipoipata, si pindo tu litakaloharibika.

Tuseme ukweli wote. Wiki tatu nyuma, Pini aligombana na mchumba wake, fundi rangi mmoja mrefu ambaye watu walimwita Ngazi. Waligombana barazani kwa Shangazi, dada wa baba yake Pini, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Mama yake Ngazi alitaka wakioana wakae kwake, chumba cha nyuma, ambacho hakina mlango ila pazia, na upande wa pili wa pazia wanalala mawifi wawili. Shangazi akasema, "Mwanangu haolewi nyuma ya pazia. Mwisho wa mwezi ukifika hakuna nyumba, barua ya posa nairudisha ilikotoka."

Ngazi aliahidi atatafuta. Akaahidi tena. Alipoahidi mara ya tatu, Pini uchungu ukampanda, akasema maneno ambayo hakuyapima: "Usirudi hapa mpaka uwe umepata nyumba!"

"Sawa," akasema Ngazi. Akabeba ngazi yake begani, akaondoka. Na kweli hakurudi.

Siku ya tano Pini aliacha kununa akaanza kutafuta nyumba mwenyewe. Alijiambia, nikiipata nitamfuata huko huko anakopaka rangi, nimwambie shuka, nyumba hii hapa, yaishe. Akazunguka na Njoo-Uone mpaka viatu vikalika. Waliona nyumba yenye bomba moja kwa wapangaji kumi na wawili. Waliona nyumba nzuri ambayo mwenyewe, aliposikia habari ya cherehani, alikunja uso akasema hataki viwanda kwake. Waliona chumba ambacho ukifungua mlango kitanda lazima kiinuliwe. Halafu wakaiona ile. Pini aliingia, akasimama katikati ya chumba cha mbele, jua limelala sakafuni kama kitambaa kilichotandikwa, na machozi yakamlenga. Kodi yake aliiweza.

Siku mbili baadaye akajitokeza huyo mteja mwingine. Akaongeza kodi. Pini akaongeza. Yule naye akaongeza tena. Ndipo Pini akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe: akamwambia Njoo-Uone apitishe maneno kwamba paa la ile nyumba linavuja. Maneno yakapita. Lakini siku ya pili yakarudi mengine, kwamba kuta zake zina unyevu, vitu vitaota ukungu humo. Pini alikwenda mbio akaupapasa ukuta kwa viganja viwili. Mkavu kabisa. Akajua huyo mtu naye si wa mchezo.

Na leo ilikuwa Alhamisi. Mwezi ulikuwa unakwisha Jumamosi.

Alipotoka kibandani alikutana uso kwa uso na Shangazi.

"Unakimbilia wapi na mtandio begani, kichwa wazi hivyo?"

"Kuna nyumba naenda kuiona, Shangazi."

"Nyumba ya nani?"

"Ya kupanga."

"Apange nani?" Shangazi alishika kiuno. "Wewe? Nimekuchosha? Chakula changu kimekuwa kichungu?"

"Shangazi, saa inakwenda!"

"Basi na mimi nakwenda. Nyumba atakayohamia mwanangu bila kuniambia lazima niuone mlango wake."

Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara ya mafundi baiskeli, ndogo, imepakwa chokaa, ina ngazi tatu za saruji na mlango unaotazama barabara. Barazani alisimama mwenye nyumba, mwanamke mnene wa kimo kifupi, muuguzi aliyestaafu. Kila mtu alimwita Sista, na nusu ya watoto wa mtaa ule walipokelewa duniani na mikono yake.

"Shikamoo, Sista," akasema Pini.

"Marahaba. Simama hapo." Hakutabasamu. "Tumngoje mwenzako."

Hawakungoja sana. Dalali mwingine, mwenye miwani, alipinda kona, na nyuma yake akaja mtu mrefu, shati limejaa madoa ya rangi, uso umeoshwa kwa haraka hata sikio moja likabaki jeupe pe kwa rangi. Pini aliliona lile sikio kwanza. Halafu macho. 

"Wewe!" akasema.

Ngazi alisimama kama aliyegonga ukuta. "Wewe?"

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kwa ajili ya nyumba yangu. Wewe je?"

"Nyumba yako! Hii ni nyumba yangu mimi!"

Walitazamana. Wiki tatu hawajaonana, na kila mmoja alimwona mwenzake amekonda kidogo. Pini alitamani kumfuta lile sikio kwa ncha ya mtandio wake. Badala yake wivu ukamchoma ghafla, kama sindano chini ya ukucha.

"Vyumba viwili," alisema polepole. "Unakuja kukaa na nani?"

"Hilo nataka kukuuliza wewe. Unakuja kukaa na nani?"

"Mimi nimekuuliza kwanza!"

"Hee!" akasema Shangazi. "Kumbe wote wawili mnahama, na mimi nimekaa nyumbani natunza barua!"

Sista alipiga makofi mawili makavu, yale ya wodini, na wote wakanyamaza, hata mafundi baiskeli ng'ambo ya barabara.

"Sikilizeni. Sikuwaita kwa sababu ya kodi. Kodi mmeipandisha wenyewe, mimi sikumwomba mtu. Nimewaita kwa sababu ya heshima ya nyumba yangu. Siku nne hizi sipiti njiani. Huyu ananiuliza, Sista, nasikia paa lako linavuja? Yule ananiuliza, Sista, pole, kuta zako zimelowa? Nyumba hii nimeijenga kwa miaka kumi na tisa, tofali kwa tofali, kwa mshahara wa zamu za usiku. Hakuna tone la mvua lililoingia humu. Hakuna!" Sauti ilitetemeka, si kwa hasira peke yake. "Aliyesema maneno hayo hapangi hapa, hata alete dhahabu kwenye karai. Sasa nauliza. Nani?"

Madalali wote wawili walikuwa wameinamia viatu vyao.

Safari hii Pini aliyapima maneno. Akinyamaza, huenda akaipata nyumba. Akisema, ameikosa, na Jumamosi barua ya posa inarudi. Alimtazama Sista, akaona midomo ya yule mama inavyocheza, akaona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alifungua mdomo.

"Ni mimi," akasema Ngazi.

Watu wakageuka.

"Mimi ndiye niliyesema kuta zina unyevu. Nilijua nikisema mimi fundi rangi, watu wataamini. Nisamehe, Sista. Kuta zako ni kavu, na plasta yake sijaona nyingine mtaa huu. Aliyeipiga alikuwa fundi kweli."

"Alikuwa mume wangu," akasema Sista. "Na paa?"

Ngazi alimtazama Pini. Aliona jinsi alivyobana midomo, kama bado ana pini ndani yake. Miaka miwili alikuwa anamjua. Hakuhitaji kuambiwa.

"Paa pia ni mimi," akasema.

"Muongo!" Pini alipiga hatua mbele, machozi yanamtoka. "Sista, usimsikilize, paa ni mimi! Nilimtuma huyu Njoo-Uone. Nilisema linavuja ili huyo mteja mwingine akimbie, bila kujua huyo mteja ni nani!"

"Toba!" akasema Shangazi, akakaa kwenye ngazi ya saruji.

"Ni mimi," Ngazi akakazania.

"Si wewe! Utajuaje mambo ya paa, ulipanda lini?"

"Mimi napanda mapaa kila siku!"

"Kelele!" akasema Sista. Alimnyooshea Ngazi kidole. "Wewe mrefu. Kwa nini ulitaka nyumba yangu mpaka ukaitukana?"

Ngazi alijipangusa mikono kwenye suruali. Maneno mengi hakuzoea.

"Sista, nyumba ikiwa tupu, mtu wa kwanza kuitwa ni fundi rangi. Kwa hiyo mimi nyumba tupu naziona kabla ya madalali. Na nikiwa juu ya ngazi naona za jirani pia, zipi hazina mapazia. Wiki tatu nimekuwa natafuta hivyo, mkono mmoja napaka, jicho moja liko kwa jirani. Mara mbili nimepaka dirisha badala ya ukuta. Kuna mtu aliniambia anataka dirisha la jua la asubuhi, kwa sababu uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi hauonekani kwa taa, na macho yanamuuma. Alitaka mlango wa barabarani, wateja wasimpitie sebuleni. Alitaka bomba ndani, asiombe maji kwa mtu. Nikatafuta, nikatafuta. Siku nilipoiona hii, nilitaka kuruka kutoka huko juu. Halafu naambiwa kuna mwanamke mmoja anaitaka. Nikachanganyikiwa."

"Na huyo mtu aliyekuambia yuko wapi?"

"Huyo hapo analia. Aliniambia nisirudi mpaka niwe nimepata nyumba."

"Nilisema kwa hasira!" Pini alipiga mguu chini. "Ulitakiwa urudi kesho yake!"

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Kila mtu angejua!"

"Hilo ni kweli, baba," akasema Shangazi kutoka pale alipokaa. "Kesho yake huyu alishinda mlangoni anajidai anashona kifungo. Kifungo kimoja, asubuhi mpaka jioni. Kila kiatu kikilia barabarani, shingo hiyo."

"Shangazi!"

"Uongo?"

Ngazi alianza kutabasamu. Lilikuwa tabasamu la taratibu, lilianzia kwenye jicho moja, na Pini alipoliona aligeukia ukuta, kwa sababu na yeye mdomo ulikuwa unamtoroka.

"Kwa hiyo ulikuwa unaitafutia nani hii nyumba?" Ngazi aliuliza, sauti imeshuka.

"Jinga wewe. Nilikuwa naitafuta ili nikufuate."

Hapo hata dalali mwenye miwani alivua miwani yake akaifuta.

Sista alikuwa anahesabu kitu kichwani. "Ngojeni. Maana yake mlikuwa mnapandishiana kodi wenyewe kwa wenyewe?"

 Njoo-Uone alianza kurudi kinyumenyume.

"Wewe dalali, simama. Mlijua?"

"Sista, haki ya nani, hatukujua. Wangu mwanamke, wa mwenzangu mwanamume. Sisi tunauliza habari ya vyumba. Ya moyoni hatuulizi."

 Sista akatikisa kichwa. "Nimewaonea huruma, wanangu. Kweli nimewaonea. Lakini nimeshasema. Aliyeitukana nyumba hii hapangi hapa, na mimi neno langu silimezi. Mume wangu aliipiga plasta hii akiwa mgonjwa."

Pini alihisi dunia imekwenda upande. "Mpe yeye, Sista," alisema. "Mimi nitabaki kwa Shangazi. Yeye alichosema ni kidogo."

"Mpe huyu," akasema Ngazi. "Mwenye macho yanayouma ni yeye. Mimi nimezoea kwa mama."

"Mnanichosha sasa," akasema Sista, lakini aligeuza uso upande.

Ndipo Shangazi aliposimama. Hakusema kitu. Aliwapita wote, akavua viatu, akaingia ndani. Walimsikia akifungua bomba, akalifunga. Walimsikia akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hapa, na pale, na kule. Mlango wa chumba cha ndani ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena kwa nguvu. Komeo lililia. Alikaa humo muda mrefu mpaka Ngazi akamnong'oneza Pini, "Anafanya nini?"

"Anatafuta kosa."

"Kwenye nyumba?"

"Kwako alishamaliza kutafuta. Miezi minane!"

Shangazi alitoka, akajipangusa vumbi la chokaa vidoleni.

"Sista," akasema. "Mimi nimewahi kusema neno baya juu ya nyumba yako?"

"Wewe? Hapana. Nimekuona leo."

"Nimewahi kusema inavuja?"

"Hapana."

"Nimewahi kusema imelowa?"

"Hapana, mama."

"Basi mpangaji ni mimi."

Sista alikodoa macho.

"Andika jina langu," Shangazi aliendelea, "na andika kodi ile ya kwanza, kabla hawa hawajatiana wazimu. Neno lako halijavunjika. Nyumba nikishaipanga, nani nimemweka humo ni habari yangu. Nikitaka kumweka mwanangu na mumewe, nani ataniuliza? Na hilo la kuvuja niachie mimi. Kabla jua halijazama, mtaa mzima utajua paa lako haliingizi hata vumbi. Mimi nikianza kusema kitu, Sista, waulize hawa, hakuna wa kunizuia."

 Fundi baiskeli mmoja alisahau pampu mkononi.

"Na wewe kijana," Shangazi akamgeukia Ngazi, na Ngazi akajikuta amenyooka kama askari. "Nilikuwa nasema wewe ni mtu wa ahadi tu. Leo nimekuona unabeba kosa la mwanangu mbele ya watu, na hakuna aliyekutuma. Mama yako atasema nini?"

"Mama nitamwambia mwenyewe, Shangazi. Atanuna wiki moja. Wiki ya pili atakuja kuangalia kama mapazia yamenyooka."

"Akija, nitakuwepo. Ila sikilizeni nyote wawili." Kidole kikainuka. "Mpaka siku ya ndoa, humu halali mtu. Ufunguo unakaa kwangu, na mimi usingizi wangu ni mwepesi."

Sista alianza kucheka. Alicheka kidogo, kisha akacheka hasa, mpaka akashika nguzo ya baraza. "Mama," alisema huku akifuta macho, "wodini ningekuwa na mmoja kama wewe, nisingestaafu. Ingia, tukaandikiane. Na huyu mrefu, nyumba nzima ataipaka rangi upya, kwa mkono wake, bila malipo."

"Mara mbili, Sista!" akasema Ngazi. "Ndani na nje!"

"Asante, Sista!" Pini alimkumbatia yule mama kabla hajaruhusiwa, akamkumbatia Shangazi, akaelekea kwa Ngazi na mikono wazi, halafu akakumbuka watu wanaotazama, akasimama mbele yake hatua moja. Mikono ikabaki haina kazi. Akanyanyua ncha ya mtandio, akalifuta lile sikio jeupe. Alilifuta muda mrefu kuliko rangi ilivyokuwa nyingi.

"Hata hujanisalimu," Ngazi akasema taratibu.

"Hujambo."

"Sijambo. Wewe?"

"Mimi leo siwezi hata kusema."

Mafundi baiskeli walipiga kengele zote walizokuwa nazo.

Wazee walipoketi chumba cha ndani kuandikiana, mlango wazi, Shangazi ameelekeza kiti chake upande wa mbele, Pini alivua futi ya utepe ya kupimia nguo iliyokuwa shingoni mwake. Jua lilikuwa bado limejaa dirishani.

"Shika hapa," alimwambia Ngazi, akampa ncha moja. "Kona hii. Nataka kujua meza ya kukatia itakaa wapi."

Ngazi alichuchumaa, akabana ncha ya futi ukutani. Pini akaivuta kuelekea dirishani. Hatua mbili tu, futi ikaisha.

"Fupi," akasema Ngazi.

"Ni ya kupimia viuno, si vyumba. Weka alama hapa nilipofika, usogee."

Akasogea. Pini naye akasonga mbele, futi ikaisha tena.

"Sogea."

Akasogea.

"Sogea tena."

"Pini, ukuta ule pale, tumeshafika. Nikisogea tena nitakukanyaga."

"Mimi ndiye ninayepima," akasema Pini bila kugeuka. "Sogea."